Kupiga Kafi kwa Jina la Mzazi: Mwongozo wa Kuandaa Safari ya Hisani ya Mtumbwi Kutoka Kipili Hadi Kigoma

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefiwa na baba au mama, ambaye baada ya arobaini na kumbukumbu ya mwaka bado anataka kufanya jambo kubwa zaidi: kusafiri kwa mtumbwi siku nyingi na kuchangisha fedha kwa jina la mzazi wake. Nimeuandika kwa kufuata njia ninayoijua, yaani mwambao wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika kutoka Kipili, mkoani Rukwa, hadi Kigoma mjini. Ukifuata pwani ni zaidi ya kilomita 300. Mama yangu alikuwa mtu wa mwambao huo. Alifariki kwa kiharusi, na presha iliyomuua ilipimwa kwa mara ya kwanza siku aliyoanguka. Ndiyo maana mfano nitakaoutumia ni wa kuchangia mashine za kupimia presha kwa zahanati za vijiji vya ziwani. Sababu yako inaweza kuwa nyingine, hatua ni zilezile.

Kabla ya hatua ya kwanza nakuomba ulishike jambo moja. Mfiwa anabeba hatari ambayo msafiri wa kawaida hana. Akishatamka mbele za watu kwamba "nitafika kwa jina la mama", inakuwa vigumu mno kwake kugeuza kurudi ufukweni upepo unapochafuka. Ziwa halijui kama una msiba. Kwa hiyo panga fedha, ratiba, watu na chombo kwa namna ambayo, ukilazimika kuishia njiani, hutakuwa umevunja ahadi kwa marehemu wala kwa waliokuchangia. Mengine yote humu yanatokana na hilo.

1. Anza na familia

Jina la marehemu si lako peke yako. Hata kama wazo ni lako na nguvu ni zako, kaka na dada zako, shangazi na baba wadogo wanapaswa kulisikia kabla ya majirani. Itisha kikao. Waeleze unataka kupita wapi, fedha zitakwenda wapi na nani atazishika. Usiende na bango lililokwisha kuchapishwa, maana hapo utakuwa unawapa taarifa, hujawaomba ruhusa.

Tegemea maswali magumu. Shangazi atakuuliza kwa nini unamtafutia mama yako heshima kwa kuwahatarisha watoto wake waliobaki. Ni swali la haki kabisa, na jibu lake ni mpango wa usalama ulioandikwa, unaoweza kumsomea mstari kwa mstari. Wapo pia wazee wasiopenda jina la marehemu liandikwe ubavuni mwa chombo, kwa sababu chombo kikipata ajali habari itakayotembea ni kwamba fulani amezama, naye alishazikwa. Wasikilize. Jina linaweza kuandikwa kwenye fulana na kwenye vibandiko vya mashine, mtumbwi ukapewa jina jingine.

Mzazi aliyebaki hai ndiye mwenye neno la mwisho. Akikataa, mpe muda, kisha mrudie ukiwa na mtu anayemheshimu, au fupisha safari hadi aikubali. Na usianze kuandaa mapema sana. Miezi ya kwanza baada ya mazishi mtu halali vizuri, hali vizuri, na anaweza kuamua mambo kwa uchungu tu. Mimi naona mwaka mmoja ndio muda wa chini kabisa kati ya mazishi na siku ya kushusha mtumbwi majini.

2. Amua fedha zinanunua nini

"Kusaidia wagonjwa wa presha" ni maneno mapana mno. Mchangiaji hawezi kuyahesabu. "Mashine moja ya presha kwa kila zahanati tutakayopita kati ya Kirando na Ilagala" ni ahadi inayohesabika, na kila mtu anaweza kuuliza ya Kalya imefika au haijafika.

Ili kufika hapo, anzia kwa mganga mkuu wa wilaya. Njia hii inapita Nkasi, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, Uvinza na hatimaye Kigoma, kwa hiyo unaandika barua kwa kila halmashauri. Eleza wewe ni nani, unataka kutoa nini na lini. Waombe wakutajie zahanati zenye uhitaji, maana wanajua ni ipi ilipata mashine mwaka jana na ipi inatumia mkanda uliochanika. Kisha zungumza na waganga wafawidhi wenyewe kwa simu. Watakuambia mambo ambayo duka la vifaa halitakuambia:

Mashine iwe ya kufunga juu ya mkono, kwenye msuli, si ya kifundo cha mkono. Iwe na mikanda ya saizi zaidi ya moja, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaonyesha presha kubwa kuliko ilivyo. Itumie betri zinazopatikana hata duka la kijijini. Na uulize swali linalosahaulika: mtu akikutwa na 160 kwa 100, dawa anazipata wapi? Kama ni mbali, wekeni sehemu ya michango kwenye jambo hilo, au angalau hakikisha mganga ana utaratibu wa rufaa. Kumpima mama wa watu, ukamtia hofu, kisha ukasukuma mtumbwi na kuondoka, huo si msaada.

Vifaa vinakabidhiwa kwa halmashauri kupitia zahanati, kwa maandishi, na vinaingizwa kwenye leja. Ukimkabidhi mtu mmoja mkononi, akihamishwa kituo mashine inaweza kuhama naye.

3. Michango: malizeni kabla ya kuondoka

Wengi wanaochangisha kwa safari hupenda ahadi za namna hii: "nitatoa shilingi elfu moja kwa kila kilomita". Usizikubali. Mchango wa namna hiyo unaigeuza kila kilomita kuwa fedha. Siku ambayo nahodha anasema tulale hapa, utajikuta unahesabu zahanati utakayoikosesha mashine, na utataka kuendelea.

Pokea michango kamili, isiyofungwa kwenye umbali. Kusanya, nunua mashine zote, na uhakikishe zimefika kwa halmashauri au kwa mtu wa kuaminika kabla mtumbwi haujagusa maji. Safari inabaki kuwa ya kumkumbuka mzazi, kutangaza kazi na kukabidhi kwa mkono pale inapowezekana. Mkiishia Karema kwa sababu ya upepo, mashine za kaskazini zinasafiri kwa gari au boti, na hakuna mgonjwa aliyepoteza kitu. Waandikie wachangiaji hivyo tangu tangazo la kwanza: "Vifaa vitafika hata kama sisi hatutafika."

Gharama za safari, yaani mtumbwi, mafuta ya boti, chakula na nauli, zitenganishwe kabisa na michango. Zilipwe na familia, au na mtu anayejua wazi kwamba anagharamia safari. Ukizichanganya, hata ukiwa mwaminifu, siku moja mtu atauliza mchele mliokula ulitoka kwenye fungu gani.

Kwa upande wa kupokea fedha, lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi ni bora kuliko namba ya simu yako. Akaunti ya benki iwe na watia saini wawili au watatu. Mweka hazina asiwe mmoja wa wapiga kafi, kwa sababu atakuwa ziwani bila mtandao wakati watu wanasubiri majibu. Kila wiki atume kwenye kundi la WhatsApp kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, pamoja na picha za risiti. Ukitaka kuchangisha nje ya ndugu na marafiki, kwa mfano sokoni, stendi au kwa mabango barabarani, pitia kwanza ofisi ya mkuu wa wilaya uulize utaratibu wa kibali. Kushirikiana na taasisi iliyosajiliwa kunakupunguzia kazi hii.

4. Msimu na mwelekeo

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo usalama wenu unapoamuliwa.

Tanganyika ni ziwa refu na jembamba: takribani kilomita 670 kwa urefu na wastani wa kilomita 50 kwa upana, likiwa limelala kati ya milima kutoka kaskazini hadi kusini. Upepo unaovuma kwa kufuata urefu wake unapata nafasi kubwa ya kujenga mawimbi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo unaotawala ni wa kusini na kusini-mashariki. Mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, upepo wa kusini unapungua lakini zinakuja dhoruba za radi, za ghafla, zinazoweza kukukuta mbali na ufukwe ndani ya muda mfupi.

Kwa sababu hiyo napendekeza kusafiri kutoka kusini kwenda kaskazini. Wengi hufikiria kuanzia Kigoma kwa kuwa ndipo treni inapoishia na ndipo kuna maduka. Lakini ukianzia Kigoma kiangazi utapiga kafi ukiwa umeukabili upepo safari nzima. Ukianzia Kipili, unafika kwa barabara kupitia Sumbawanga na Namanyere, kisha upepo unakuwa mgongoni, na unamalizia kwenye mji wenye hospitali ya mkoa na usafiri wa kurudi nyumbani. Tahadhari moja: mawimbi ya nyuma yanadanganya. Mtumbwi unakimbia, mnafurahi, mara wimbi linauzungusha unakaa ubavu, na linalofuata linaingia ndani. Mtu wa nyuma anayeshika kafi la kuongozea lazima awe na uzoefu wa hali hiyo hasa.

Wiki za mwisho wa Agosti na Septemba ndizo ninazozipenda. Kusi, yaani huo upepo wa kusini, linakuwa limeanza kuchoka na mvua bado hazijaja. Kuna sababu nyingine. Mwaka 2024 nchi nne zinazolimiliki ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ziwa lililofungwa lina watu wachache wa kukuokoa, na chombo chochote kinachotembea kinaulizwa maswali. Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe, uliza kwa afisa uvuvi wa wilaya utaratibu wa mwaka huo.

Angalia na mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua usiku kwa taa, na taa hazivuti samaki mbalamwezi ikiwa kali, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wengi hupumzika ufukweni. Siku za giza ziwa linajaa vipe, yaani vyombo vya wavuvi wa dagaa, pamoja na taa na nyavu. Kama mnataka kuondoka alfajiri mapema, siku zinazozunguka mwezi mpevu zinawapa mwanga na njia iliyo wazi. Na mnapofika mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanapotua, mchana, wavuvi wapo, wana nafasi ya kuzungumza.

Saa za kutembea zinatofautiana mahali na mahali, kwa sababu upepo unaoshuka kutoka milimani una tabia zake kila ghuba. Kila jioni muulize mvuvi mzee wa mwalo huo, baada ya salamu na bila haraka: "Shikamoo mzee. Kesho upepo unaamka saa ngapi hapa kwenu?" Linganisha jibu lake na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Yakipishana, fuata lile linalowabakiza nchi kavu.

5. Hesabu ya siku

Mtumbwi uliopakiwa, wenye wapiga kafi wa kawaida, hutembea kama kilomita 4 kwa saa. Kwa saa tano za kazi kwa siku ni kilomita 20. Kilomita 300 kwa hesabu hiyo ni siku 15, na njia yenyewe inazidi hapo kwa sababu ya kuzunguka ghuba. Ongeza siku moja ya kungojea upepo kwa kila siku tatu, ongeza na siku za makabidhiano. Ombeni likizo ya wiki nne. Msitangaze tarehe ya kufika Kigoma. Tangazeni wiki, na mseme wazi kwamba inaweza kusogea. Mgeni rasmi anayesubiri bandarini siku fulani ni mzigo mzito kuliko magunia yote mtakayopakia.

Vivyo hivyo kwa siku ya kumbukumbu ya mzazi. Inapendeza ikiangukia ndani ya safari, lakini isiamue mtakuwa wapi. Popote itakapowakuta, simamisheni safari, waombeni wenyeji, someni dua au msali pamoja. Watu wa mialo wanajua msiba. Wengi wao nao wamezika.

6. Njia yenyewe

Kati ya Kipili na Kirando kuna visiwa vidogo vinavyokinga maji. Tumieni eneo hilo kwa mazoezi ya siku kadhaa kabla ya kuanza. Kutoka hapo mnapita Kabwe, kisha Karema. Msiipite Karema haraka. Ni hapo alipofanya kazi Adrian Atiman, mtoto wa karibu na Timbuktu aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Aliwatibu watu wa mwambao huu hadi uzee wake, akafariki mwaka 1956. Mtu anayepeleka kifaa cha tiba kwenye zahanati za ziwa hili anafuata njia iliyotengenezwa na huyo, na ni vizuri wapiga kafi wote wamjue.

Baada ya Karema ni Ikola, halafu Kalya, na mbele yenu inainuka milima ya Mahale, ambayo kilele chake cha Nkungwe kina urefu wa mita 2,462. Kipande hiki ndicho kinachohitaji maandalizi zaidi kuliko vingine. Mahale ni hifadhi ya taifa tangu 1985, na mpaka wake unaingia ziwani takribani kilomita 1.6. Andikieni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, mapema: ama mlipe viingilio na mpewe mahali pa kulala, ama mkubaliane namna ya kupita nje ya mpaka mkiwa na boti ya kusindikiza karibu. Msijichagulie tu ufukwe mkalala. Sokwe wa Mahale wanaambukizwa mafua na magonjwa mengine ya binadamu, na mtu anayekohoa anaweza kuua familia nzima ya sokwe. Kuna pia sehemu milima inaporomoka moja kwa moja majini, hakuna pa kutua, na mawimbi yakigonga mwamba yanarudi yakikutana na yanayokuja. Wekeni alama kwenye ramani kila mahali panapowezekana kutua, na msianze kipande hicho bila asubuhi tulivu.

Ukitoka Mahale kuna Lagosa, na mbele zaidi, eneo la Ilagala, ni mlango wa Mto Malagarasi, mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani upande wa Tanzania. Matete, matope, viboko na mamba. Piteni mbali na mlango, mchana kweupe, boti ikiwa pembeni yenu, na mtu asining'inize mkono wala mguu majini. Kutoka hapo hadi Ujiji na Kigoma vijiji vinakaribiana na safari inakuwa nyepesi.

Vituo vingi kati ya hivi ndivyo ilivyokuwa ikipita Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kuanza kutembea ziwani 1915. Pasipokuwa na gati, abiria walifuatwa na mitumbwi na kupandia katikati ya maji. Mama yangu alipanda hivyo akiwa msichana, akiwa na kikapu cha dagaa kichwani. Kama mzazi wako naye alikuwa na mahali pake kwenye njia hii, pangeni kulala hapo. Mtapokewa na watu wanaomkumbuka, na hayo mazungumzo ya jioni yana thamani kubwa.

7. Chombo na watu

Mtumbwi wa mbao, uliojengwa na fundi wa ziwani, ni bora kwa kazi hii kuliko wa gogo: una nafasi, unabeba, na ukiharibika unapata fundi kila mwalo. Kayaki za kisasa zinatembea vizuri, lakini kipuri kikivunjika Kalya utakitoa wapi? Kagua maungio yote, uzibwe upya kwa pamba na dawa, kisha uachwe majini usiku mzima uone unaingiza kiasi gani. Weka kopo la kuchotea maji kila benchi, likiwa limefungwa kwa kamba. Makafi mawili ya akiba. Kamba ndefu mbele na nyuma, na maboya au madumu matupu yaliyofungwa ndani ili mtumbwi ukijaa maji usizame kabisa.

Boti ya injini ya kusindikiza si anasa. Kama hamna fedha za boti, hamjawa tayari kwa safari. Vyombo vyote viwili vikaguliwe kwa taratibu za TASAC, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini. Kila mtu awe na jaketi okozi la saizi yake, alivae na alifunge tangu mnaposukuma hadi mnapotua, hata maji yakiwa kioo.

Kuhusu watu, sheria ambayo singeivunja kwa lolote ni hii: nahodha asiwe mtoto wa marehemu. Awe mvuvi mzoefu wa ziwa hili, alipwe vizuri, na neno lake la "leo hatutoki" lisijadiliwe. Pamoja na hilo, mtu yeyote ndani ya mtumbwi, hata mdogo kuliko wote, akisema "twendeni ufukweni", mnakwenda. Maelezo yatafuata nchi kavu. Andikeni sheria hii, kila mmoja atie saini, na nakala abaki nayo mtu wa nyumbani.

Mwenye presha, kisukari au maumivu ya mgongo apimwe na daktari kabla. Ingekuwa aibu kupeleka mashine za presha hamjajipima wenyewe.

Mazoezi yachukue miezi mitatu angalau. Anzeni na saa moja, ongezeni hadi mpige kafi saa tano kwa siku mbili mfululizo mtumbwi ukiwa na mzigo kamili. Jifunzeni kuogelea na jaketi. Mara kadhaa, karibu na ufukwe, pindueni mtumbwi kwa makusudi, mshikamane nao, muutoe maji na kupanda tena. Mpige kafi ashushe mabega na kuvuta kwa mgongo. Anayevuta kwa mikono tu ataumia kabla ya Kabwe. Viganja vikianza kuwaka, funga plasta mapema, usingoje lengelenge lipasuke.

8. Mzigo, chakula na afya

Nitapita haraka, kwa sababu mengi unayajua. Nguo kavu, simu na nyaraka ziwe kwenye madumu ya mdomo mpana yanayofungwa vizuri. Bebeni hema au turubai, chandarua kwa kila mtu, tochi za kichwani, filimbi iliyofungwa kwenye kila jaketi, pawabenki na sola ndogo, na simu mbili za mitandao tofauti. Simu ya batani inakaa na chaji siku nyingi, msiidharau. Kila mtu awe na kitambulisho cha taifa. Kigoma na Katavi ni mikoa ya mpakani, mtaulizwa.

Chakula kiwe kile miili yenu imekizoea: ugali, maharage, dagaa, mihogo, ndizi, karanga za kutafuna majini. Kadiria nusu kilo ya unga kwa mtu kwa siku, na mnunue mboga na samaki kijijini ili fedha ibaki huko. Maji ya kunywa, lita nne hadi tano kwa mtu kwa siku, yachemshwe au yatiwe dawa hata yakionekana safi. Kipindupindu kimeusumbua mwambao huu mara nyingi. Kichocho nacho kipo. Jitahidini kuoga kwenye mawe na maji ya mbali na matete, na baada ya safari mkapime na kupata dawa. Sanduku la dawa liwe na chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, vipimo na dawa za malaria kwa ushauri wa mganga, dawa za vidonda na za maumivu, na mafuta ya kukinga jua.

9. Mfumo wa taarifa

Mtu mmoja nyumbani awe mlinzi wa safari. Apewe orodha ya mialo, majina ya walio majini, rangi za vyombo, na namba za watendaji wa vijiji mlizokusanya mapema. Kila mnapotua mnamtumia ujumbe. Kwa vipande visivyo na mtandao, hasa Mahale, mnakubaliana saa ya mwisho. Ikipita bila habari, anapiga simu kwa hifadhi, kwa polisi wanamaji na kwa Zimamoto na Uokoaji namba 114, bila kuona haya na bila kungoja asubuhi. Kila mwalo mkifika, ripotini kwa mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa mwalo. Ni adabu, na ni ulinzi wenu.

10. Siku ya makabidhiano

Mganga mfawidhi ajulishwe siku mbili kabla, kisha tena asubuhi. Msimpangie foleni ya wagonjwa kwa ajili ya picha. Zoezi la kupima likifanyika, lifanywe na wahudumu wa zahanati wenyewe, mtu akae dakika tano kwanza, na majibu yake aambiwe yeye peke yake. Picha za mashine na za saini zinatosha. Kama mmoja wenu atazungumza juu ya mzazi, aseme maneno machache ya kweli: alikuwa nani, aliugua nini, dalili zipi hazikuonekana kwa wakati. Uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika ghafla: hapo mgonjwa anakimbizwa hospitali, hangojwi apumzike. Mtu mmoja akiondoka mwaloni na maneno hayo kichwani, mmefanya kazi.

11. Baada ya safari

Ndani ya mwezi mmoja mweka hazina atoe hesabu kamili, yenye risiti, kwa wachangiaji wote, hata aliyetoa shilingi mia tano. Ziorodheshwe zahanati zilizopokea na tarehe. Kilichobaki kisipotee kwenye sherehe ya kupongezana; kinunue betri na mikanda ya akiba, maana mikanda ndiyo inayochakaa kwanza. Baada ya miezi sita piga simu kila zahanati, uliza mashine inafanya kazi, watu wangapi wanapimwa kwa wiki, na nini kimeharibika, kisha watumie wachangiaji majibu hayo hata kama si mazuri.

Mtumbwi wenyewe amueni mapema utakwenda kwa nani. Kama nahodha anauhitaji, muuzieni kwa bei ya udugu. Kama ulinunuliwa na familia, fedha hiyo ni ya familia, na kikao kilekile kilichotoa ruhusa ndicho kitakachosema iende wapi.